Nimepewa tarehe ya upasuaji wa bega. Naweza kukwepa kisu?

Dada mshauri, salamu.

Mimi ni fundi rangi, umri wangu miaka 51, na brashi nimeishika tangu nina miaka 22. Sifa yangu kubwa ni dari. Wenzangu wakipata jengo lenye dari refu huniita mimi, kwa sababu napiga msasa na kupaka mpaka alama ya rola haionekani. Sasa sifa hiyo imenigeukia.

Miezi 8 iliyopita bega la kulia lilianza kuuma. Mwanzoni lilikuwa linauma jioni tu, nikadhani ni uchovu. Baadaye likaanza kunichoma nikiinua mkono: nikifika usawa wa bega ndipo panapowaka, nikipita hapo panapoa kidogo. Kuvaa shati ni mtihani. Usiku ndio balaa, nikigeukia upande wa kulia naamka huku nimeuma meno. Sijaanguka wala sijagongwa. Mkono naweza kuuinua mpaka juu, ila kwa maumivu.

Nimechomwa sindano 2 begani. Ya kwanza ilinipa mwezi mzima wa nafuu, ya pili haikufikisha wiki 2. Diklofenaki nameza karibu kila siku. Nilipopigwa picha ya MRI, majibu yakasema kano moja imechanika kwa sehemu, na juu yake kuna kijimfupa kimeota kinachoisugua. Daktari akasema dawa yake ni upasuaji wa kukikwangua, akanipa tarehe, miezi 4 kutoka sasa.

Tangu nisikie neno "kuchanika", mkono wa kulia nimeupumzisha kabisa. Napaka kwa kushoto, ndoo nabebewa, hata mlango nafungua kwa kushoto. Naogopa nikiuinua, sehemu iliyobaki itakatika. Lakini cha ajabu, kadiri ninavyoupumzisha ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na sasa bega la kushoto nalo limeanza kulalamika.

Je, naweza kukwepa kisu? Na kuna mwanangu wa kwanza, ana miaka 19, ameanza kujifunza kazi kwangu. Sitaki afike umri wangu akiwa na bega kama hili. Nimwambie nini?

Nisisahau: navuta sigara 6 au 7 kwa siku. Mke wangu ndiye aliyesisitiza nikuandikie na hilo.

Fundi wa Dari

*

Kaka fundi,

Kwanza mpe wifi shukrani zangu kwa hilo la sigara. Ana akili, na nitalirudia.

Barua yako nimeisoma mara 3. Kilichonigusa zaidi ni ile hofu ya sehemu iliyobaki kukatika. Nimewafanyisha watu mazoezi ya tiba kwa miaka mingi, na hofu hiyo nimeiona ikidhoofisha mabega mengi ambayo yangeweza kupona. Kwa hiyo naanza nayo.

Nyonga yako imekaa ndani ya bakuli. Bega halikupewa bakuli, limepewa kisahani. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo mkubwa, na wakati wowote ni kama robo tu au theluthi yake inayogusana na kisahani hicho. Ndiyo maana mkono unafika mgongoni, kichwani na darini, na ndiyo maana hakuna kiungo kingine mwilini kinachozunguka kiasi hicho. Lakini uhuru huo una masharti. Mifupa peke yake haiwezi kulishika bega. Kinacholishika ni misuli 4 midogo inayotoka kwenye kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni, na kano zake, yaani kamba zinazoufunga msuli kwenye mfupa, hukizingira kichwa cha mfupa kama vidole vilivyokumbatia mpira. Kila unapoinua mkono, misuli hiyo hukivuta kichwa kibaki katikati ya kisahani wakati msuli mkubwa wa nje unanyanyua mzigo. Ile kano iliyo juu kabisa ndiyo inayochakaa kuliko zote, na bila shaka ndiyo iliyotajwa kwenye majibu yako.

Kombe lenyewe nalo lina kazi yake. Mkono ukipanda mpaka juu kabisa, nyuzi 180, takriban nyuzi 120 zinatoka kwenye kiungo na 60 zinatoka kwenye kombe linaloteleza juu ya mbavu. Kombe likizembea, kiungo kinalazimika kufanya kazi isiyo yake.

Sasa fikiria ulichofanya tangu upewe majibu. Umelinyima bega misuli yake. Msuli usiotumika hunywea ndani ya wiki chache, na kano isiyopata mzigo hulegea. Unauona mkono mzito kwa sababu waliokuwa wanaushika wamelala. Huo uzito hautokani na mpasuko kuongezeka. Na bega la kushoto linalalamika kwa sababu umelipa kazi ya wawili ghafla, bila kulizoesha. Hukukosea kwa uzembe, kaka, ulikuwa unajilinda kwa njia ambayo kila mtu angeidhania. Ila ni njia isiyofaa kwa bega.

Na neno "kuchanika" tulitazame vizuri. Watafiti wa Japani waliwapima kwa altrasaundi wakazi 664 wa kijiji kimoja, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliokutwa na kano iliyochanika kabisa, kutoboka upande hadi upande, walikuwa 147. Karibu theluthi mbili ya hao hawakuwa na maumivu. Walikuwa wanaishi na mabega yao bila habari. Wewe yako imechanika kwa sehemu tu. Baada ya miaka 50, kano iliyochanikachanika kidogo ni kama mvi: ni alama ya umri, na wakati mwingine ndiyo chanzo cha maumivu, wakati mwingine sicho. Picha peke yake haiwezi kukuambia. Unachoweza kufanya kwa mkono wako kinaniambia mengi zaidi, na wewe umesema unauinua mpaka juu. Hiyo ni habari njema sana.

Nije kwenye kijimfupa. Daktari wako hakukudanganya, alikueleza jambo lililofundishwa kwa muda mrefu. Mwaka 1972 daktari wa upasuaji wa Marekani, Charles Neer, aliandika kwamba ncha ya mfupa iliyo juu ya bega huisugua kano, na kwamba ukiikwangua, kano itapata nafasi. Ni maelezo yanayoeleweka kirahisi, na kwa miongo kadhaa watu wengi sana walikwanguliwa kwa msingi huo. Kisha wenyewe madaktari wa upasuaji wakataka kujua kama kinachosaidia ni kukwangua kweli. Uingereza, wagonjwa 313 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi 3: wa kwanza walikwanguliwa mfupa, wa pili waliingizwa kamera begani lakini hawakukwanguliwa chochote, wa tatu hawakufanyiwa upasuaji. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018. Waliokwanguliwa hawakuwazidi wale walioingiziwa kamera tu. Wote walipata nafuu, na hata ile tofauti ndogo kati yao na wasioguswa haikuwa ya maana katika maisha ya kila siku. Mwaka 2019 jopo la wataalamu pamoja na wagonjwa lilitoa pendekezo zito katika jarida la BMJ: kwa maumivu ya aina yako, upasuaji wa kukwangua usitolewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni ndiyo, uwezekano wa kukwepa kisu ni mkubwa. Lakini hukwepi kwa kukaa. Una miezi 4 kabla ya tarehe, na mimi nataka wiki 12 kati ya hizo.

Kwa nini 12? Kuna utafiti wa Marekani, nao wa 2013, uliowafuata zaidi ya wagonjwa 400 waliokuwa na kano iliyochanika kabisa bila ajali. Walipewa mazoezi ya tiba. Miaka 2 baadaye, chini ya robo yao ndio waliokuwa wamefanyiwa upasuaji, na wengi wa hao waliamua ndani ya zile wiki 12 za mwanzo. Baadaye watafiti walipochunguza nini kiliwatofautisha walioishia kwenye upasuaji, kilichojitokeza kwa nguvu hakikuwa ukubwa wa mpasuko. Kilikuwa ni matarajio ya mgonjwa: waliokuwa wameanza wakiamini mazoezi hayatawasaidia ndio walioelekea zaidi kwenye kisu. Nakuandikia hili kwa sababu najua fundi aliyezoea kazi nzito huyaona mazoezi ya mpira na ukuta kama mchezo wa watoto. Usiyadharau, tafadhali.

Wiki 2 za kwanza kazi yako ni kuamsha misuli bila kuichokoza. Simama ubavu wa kulia ukiwa karibu na ukuta, kiwiko kimekunjwa pembe mraba na kimegusa mbavu, kisha sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja, kuelekea nje. Tumia kama theluthi ya nguvu zako. Shikilia sekunde 30, pumzika, rudia mara 5. Mkono hautembei hata kidogo, na bado misuli ile midogo inafanya kazi. Baadhi ya watu hupata nafuu ya maumivu papo hapo. Fanya kila siku. Pamoja na hilo, weka taulo mezani, kiganja juu yake, telezesha mkono mbele huku ukiinama kifua, mpaka pale unapoweza, urudi. Mara 10, asubuhi na jioni.

Kuanzia wiki ya 3 tafuta mpira mrefu wa kuvuta, wa mazoezi. Ufunge kwenye kitasa cha mlango uliofungwa vizuri. Kunja taulo ulibane kati ya kiwiko na mbavu, kisha vuta mpira ukizungusha kiganja kwenda nje, taratibu, na kurudi taratibu zaidi. Kurudi ndiko kunakojenga kano, watu wengi huachia mpira ujirudie wenyewe na hupoteza nusu ya zoezi. Kisha geukia mlango, vuta kwa mikono miwili kama mtu anayepiga makasia, ukiyaleta makombe ya bega karibu na uti wa mgongo. Mwisho sukuma ukuta kwa viganja, kama pushapu ya kusimama, na mikono ikinyooka ongeza msukumo kidogo mpaka uhisi makombe yametandazika mgongoni. Kila zoezi mara 10 hadi 12, raundi 3, siku 3 kwa wiki, na siku moja ya kupumzika katikati. Kano inajengwa polepole kuliko msuli, haiharakishwi.

Ikifika wiki ya 6 au 7, anza kuinua mkono wenye mzigo. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha. Usiuinue ubavuni kabisa wala mbele kabisa, uinue katikati ya hizo mbili, dole gumba likitazama juu. Anza usawa wa kifua, panda kidogo kila wiki. Mpaka wiki ya 12 ningependa uwe unanyanyua kilo 2 au 3 juu ya kichwa, kwa sababu kazi yako iko juu ya kichwa. Mtu wa ofisini ningemwachia njiani. Wewe siwezi.

Je, likiuma? Litauma kidogo, na maumivu kidogo si kuchanika. Yapime kutoka 0 hadi 10. Yakibaki 3 au 4 wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi bega likawa vile vile lilivyokuwa jana asubuhi, uko salama. Yakipanda zaidi ya hapo, au ukakosa usingizi, punguza uzito au idadi, usiache. Ukimpata mtaalamu wa fiziotherapia akakusimamia hata mara 3 au 4 katika wiki hizo, itakuwa bora zaidi, maana jicho la mtu wa pili huona kombe linapozembea.

Usiku, lala chali ukiweka mto mwembamba chini ya kiwiko cha kulia ili mkono usining'inie nyuma, au lalia kushoto ukiwa umekumbatia mto mkubwa mbele ya kifua.

Diklofenaki ya kila siku kwa miezi inanitia wasiwasi kuliko kano yako. Inachubua tumbo, inachosha figo na inaweza kupandisha presha. Zungumza na daktari akupunguzie, na akupime presha na figo. Mwambie apime na sukari. Kisukari na bega vina uhusiano wa karibu, hasa ule ugonjwa wa bega kuganda, ambapo mkono unagoma kuzunguka hata ukizungushwa na mtu mwingine. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayochomwa begani, ina nafasi yake, kukupa dirisha la kuanza mazoezi bila maumivu makali. Wewe ulipewa dirisha mara 2 na hakuna aliyekuambia ulitumie. Ya tatu siishauri: sindano zikirudiwarudiwa huidhoofisha kano yenyewe.

Na sigara. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kano tangu hapo haikubahatika kuwa na damu nyingi. Wavutaji huchanika kano zaidi, na wakishonwa, hupona vibaya zaidi. Ukiniambia utafanya mazoezi yote lakini sigara 7 zinabaki, nitafurahi nusu.

Dalili hizi zisisubiri wiki 12: mkono ukapoteza nguvu ghafla baada ya kuanguka au kunyanyua kitu, bega likavimba na kuwa la moto huku una homa, ganzi ikashuka mpaka vidoleni, au maumivu ya usiku yakaambatana na kukonda bila sababu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo au kesho yake. Maumivu ya bega yakija pamoja na kifua kubana, jasho au pumzi kukatika, hiyo ni dharura ya moyo, usijaribu kuyanyoosha kwa mazoezi.

Kazini, usiache rangi. Badilisha namna. Dari lipakwe kwa rola yenye mpini mrefu, ukiushika kwa mikono yote miwili usawa wa kifua, ukisukuma kwa miguu na kiwiliwili. Kwa brashi na msasa, panda juu zaidi kwenye jukwaa mpaka kazi iwe mbele ya macho yako na si juu ya utosi. Najua kupandisha jukwaa kunakula muda, lakini ule muda unaookoa kwa kujinyoosha unalipwa na bega. Changanya kazi: dakika 15 za dari, kisha shuka ukapake chini ya dirisha au ukoroge rangi. Ndoo ijazwe nusu na ibebwe karibu na mwili.

Mwanao nimemwachia nafasi ya mwisho ingawa ndiye aliyenigusa. Kwenye kazi nyingi za ujenzi, kijana mwanafunzi ndiye anayepewa dari siku nzima, wiki nzima, kwa sababu ana nguvu na hana sauti. Misuli yake itavumilia, kano zake hazijazoea. Usimpe hivyo. Mwezi wa kwanza asizidishe saa moja ya kazi ya juu kwa siku, kwa vipande, na uongeze kidogo kidogo. Mfundishe kutumia mikono yote miwili tangu sasa, wakati bado ni rahisi kujifunza. Na afanye mazoezi yale yale ya mpira pamoja nawe, mara 2 kwa wiki. Akikuambia bega linauma jioni, msikilize siku hiyo hiyo. Wewe lilikuambia miezi 8 iliyopita, na ulidhani ni uchovu.

Tarehe ya upasuaji usiifute leo. Rudi kwa daktari kwa heshima, mwambie unataka wiki 12 za mazoezi kwanza, halafu muulize: mpasuko wangu ni wa ukubwa gani, na nikisubiri miezi 3 napoteza nini? Muulize pia kama anakusudia kukwangua mfupa tu au kushona kano, kwa sababu ni mambo mawili tofauti. Kushona kano kuna wagonjwa wake, hasa mtu aliyechanika ghafla kwa ajali na mkono ukakataa kuinuka. Huyo mimi mwenyewe humhimiza asichelewe. Na wewe, ikiwa utafanya kazi yote hii na baada ya miezi 3 mpaka 6 bega bado linakunyima usingizi, basi upasuaji hautakuwa aibu. Ila ujue kwamba baada ya kushonwa utavaa kitanzi cha mkono kama wiki 4 hadi 6, utakaa miezi kadhaa bila kazi nzito, kisha utaanza haya haya mazoezi ya ukuta na mpira.

Anza kesho asubuhi na ule ukuta. Wiki ya 6 niandikie, uniambie unavaaje shati na sigara zimebaki ngapi.

Dada yako mshauri